Mgonjwa Nambari Tisini na Saba

Mwandiko ulikuwa mzuri mno, na hilo ndilo lililomkera Sajini Ciakuthii. Katika miaka kumi na sita ya upelelezi, nusu Embu na nusu hapa Meru, alikuwa ameshika hati za mashamba za kughushi, barua za matapeli, hata kijikaratasi cha mtu aliyejinyonga. Daktari anayeandika kama mwalimu wa darasa la pili ndiye hakuwahi kukutana naye. Herufi zilisimama wima juu ya mstari: jina la dawa, kipimo chake, halafu kwa maneno kamili, mara moja kwa wiki. Chini ya neno wiki palipigwa mstari, mtu asije akasema hakuona.

Kitabu chenyewe kilikuwa daftari la kawaida la shule, kurasa thelathini na mbili, jalada la buluu. Kila mgonjwa wa Hospitali ya Eulalia hununua daftari kama hilo kwenye kioski cha langoni kabla hajapanga laini. Kompyuta hakuna pale, wala faili. Karani wa mapokezi hupiga muhuri wa tarehe na kuandika nambari ya laini, daktari huandika ugonjwa na dawa, mgonjwa hulibeba mwenyewe hadi dirisha la dawa, kisha hurudi nalo nyumbani akalifungia sandukuni pamoja na kitambulisho. Hili lilikuwa la Hodo Elmi, wa Majengo, mjini Meru. Nambari tisini na saba.

Hodo alikuwa amekwisha kuzikwa. Mama wa miaka hamsini na minane, muuza mchele na viungo vya pilau katika soko la Gakoromone, alikwenda hospitali Jumanne moja akilalamikia vidole vilivyovimba na magoti yasiyokunjika. Akaandikiwa ile dawa kali ya viungo ambayo mtu humeza mara moja kwa wiki na kuiheshimu. Kwenye bahasha yake ya khaki paliandikwa 1x1, kimoja kila siku. Mama wa watu akatii. Alimeza kila siku kwa siku tisa, mdomo ukachubuka wote, damu ikaanza kutoka puani, akalazwa hospitali ile ile. Siku ya kumi na mbili mwanawe alikuwa makaburini akimzika.

Aliyeandika bahasha alikuwa Celina, mtaalamu wa dawa aliyekaa kwenye dirisha lile kwa miaka saba. Alikamatwa Jumatano, na mahakama ikawapa polisi hadi Jumatatu kukaa naye. Mkuu wa Ciakuthii, Inspekta Ngari, alitaka faili liwe mezani kwa kiongozi wa mashtaka Jumatatu hiyo asubuhi: kuua bila kukusudia. Kesi nyepesi, alisema. Daktari ameandika wiki, Celina ameandika siku, unatafuta nini tena? Akaongeza kwamba hii ndiyo mara yake ya kwanza kuona mwandiko wa daktari unaosomeka, na bado watu wameukosea. Makonstebo wakacheka. Ciakuthii alichukua daftari la Hodo akaenda zake korokoroni, maana kicheko cha aina hiyo kilikuwa kinampandisha hasira.

Celina aliletwa kwenye kijumba cha mahojiano akiwa amejifunga leso ya mtu mwingine. Walimtoa kamba za viatu, kwa hiyo alitembea akiburuta miguu. Alipoonyeshwa ukurasa ule aliutazama mara moja tu.

"Hii si ile karatasi niliona," alisema.

"Ile uliona ilisema nini?"

"Kila siku. Na hiyo ndiyo niliandika kwa bahasha."

"Yaani ndivyo ulivyosoma."

"Ndivyo ilivyokuwa, Sajini."

Ciakuthii aliandika kwenye kijitabu chake: amesoma vibaya. Kisha akamuuliza kwa nini hakwenda kumuuliza daktari, kwa kuwa chumba cha daktari kiko hatua ishirini kutoka dirishani. Celina alisema alikwenda. Alisimama mlangoni na daftari mkononi, mgonjwa mwingine akiwa kitini, na hata sentensi hakuimaliza. Daktari alimwambia bila kuinua kichwa: soma kitu kimeandikwa.

"Kwa hivyo hukuweza kuisoma," Ciakuthii alisema.

 Tangu Jumatano Celina alikuwa ameulizwa hivyo na watu wanne, pamoja na wakili. Aliinama akatazama viatu vyake, na hakusema tena. Sajini akaona kimya hicho kinatosha kuwa jibu. Celina akishtakiwa, leseni yake ingekwenda siku hiyo hiyo, na baada ya leseni jela, na alikuwa na mama mgonjwa Igoji aliyemtegemea yeye peke yake. Hayo aliyasema askari wa zamu, si yeye.

Basi kazi ikawa kwenye daftari. Ciakuthii alihesabu kurasa. Jalada lilisema thelathini na mbili, yeye akapata ishirini na nane. Akahesabu tena akilowesha kidole: ishirini na nane. Hapo moyo ukamruka kidogo, kwa sababu daftari la pini hulitoi karatasi moja ukabaki salama, mwenzake wa upande wa pili hulegea na kuchomoka. Mtu mwangalifu huziondoa zote mbili, na hizo ndizo kurasa nne. Akadhani ameshika mkia wa kitu.

Mkia wenyewe ulikatika kabla ya chai. Abdimalik, mwana wa marehemu, alikuwa akija kituoni kila asubuhi saa mbili kamili kuuliza kama aliyemuua mama yake ameshtakiwa. Alikuwa na lori la kubeba miraa kutoka Kangeta, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu kavu ya mtu aliyejizuia. Alipoulizwa habari za kurasa alisema hooyo, yaani mama yake, alikuwa na tabia hiyo: akitaka kumwandikia mteja nambari ya simu alichana kwenye daftari lolote lililokuwa karibu, hata la hospitali. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama Sajini anatafuta njia ya kumtoa yule mwanamke.

"Natafuta ukweli, ndugu."

"Ukweli uko kwa bahasha. Mimi nilikuwa hapo dirishani na hooyo. Huyo dada alituacha robo saa, akaenda huko ndani na kurudi amekunja uso. Nikamwambia, dada, gari yangu inapakia, tupe dawa twende. Akatupa. Walahi, natamani ningenyamaza."

Ciakuthii alimshukuru. Kurasa nne zilikuwa zimekufa kama ushahidi, kwani wakili yeyote angezicheka, lakini sasa alijua kwamba Celina hakusema uongo kuhusu kwenda kuuliza. Na kama hilo lilikuwa kweli, pengine hata la karatasi lilikuwa kweli. Alibaki na kitu kimoja tu mkononi, nacho kilikuwa ule mwandiko mzuri uliomkera tangu mwanzo.

Alikwenda mapokezi ya hospitali akaomba rejista ya Jumanne ile. Karani, Tabby, alimpa, akageuka kuangalia ukuta. Wagonjwa mia moja na kumi na wanane, jina, kijiji, simu. Daktari mmoja. Ciakuthii alinakili majina yote, na siku hiyo nzima na nusu ya Ijumaa kazi yake ikawa kuzunguka akiwaomba watu madaftari yao, pamoja na bahasha za dawa kama hawajazitupa. Watu wa milimani hawatupi bahasha ya dawa. Huiweka, kwani nani ajuaye.

Kangeta alimpata mzee Mutwiri, nambari sita, akifunga vitita vya miraa kwa majani ya mgomba. Mzee alikataa kutoa daftari mpaka ahakikishiwe kwamba serikali haitaki kujua ugonjwa wake. Gakoromone, nyuma ya magunia ya viazi, alimpata Kawira, nambari mia moja na tatu, ambaye alicheka alipofungua ukurasa wake na kusema kwamba huyo daktari ameandika akiwa juu ya pikipiki. Lakini dawa zilimfaa, alisema, wiki mbili tu akarudi kazini. Bahasha yake bado ilikuwa ndani ya daftari. Wengine Ciakuthii aliwafuata Mikinduri na Nkubu. Mmoja alikuwa amehama. Mmoja alimfungia mlango.

Ijumaa mchana alikuwa na madaftari kumi na moja. Aliyapanga juu ya meza ya Inspekta Ngari kwa nambari ya laini, kutoka kushoto kwenda kulia, akamwita mkubwa wake aje asome.

Nambari sita mtoto wa shule angeweza kuisoma. Kumi na tisa pia. Kufika arubaini na moja herufi zilikuwa zimeanza kulala, sabini na nane zilikuwa zimeshikana mikono, themanini na tisa nusu ya maneno ilikuwa mstari tu wenye vinundu. Mia moja na tatu haikuwa maandishi tena. Mkono ule ule, kalamu ile ile, siku ile ile. Ciakuthii alikuwa amepiga hesabu: kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kila mgonjwa alipata dakika nne na nusu, kama daktari hakula na hakwenda msalani.

"Watu hucheka mwandiko wa daktari," alisema. "Wanadhani ni maringo, au wanafundishwa hivyo chuoni. Afande, huu ni uchovu. Unaweza kuisoma saa kwa huu mwandiko."

Kisha akachukua daftari la Hodo akaliweka mahali pake, kati ya themanini na tisa na mia moja na tatu. Hakuwa na haja ya kueleza. Inspekta Ngari aliutazama ule ukurasa wenye herufi wima, akasogeza kiti akakaa.

"Hii haikuandikwa siku hiyo," alisema.

"Iliandikwa na mtu aliyelala usiku mzima, akanywa chai, akakaa mezani bila laini mlangoni."

Bwana Gitobu, msimamizi wa hospitali, aliwapokea ofisini kwake na soda. Hakuulizwa mengi. Alisema daktari, Daktari Mugendi, yuko likizo, ameshtushwa sana na kifo hicho, amekwenda kupumzika kwao Siakago. Alisema mwandiko wa daktari yeyote duniani hubadilika badilika. Alisema ndiyo, kuna tangazo alilobandika yeye mwenyewe dirishani, kwamba wahudumu wasimsumbue daktari wakati wa kliniki, kwa sababu maswali madogo madogo yalikuwa yakisimamisha laini. Siku ile madaktari walikuwa wangapi? Mmoja. Wengine wawili waliondoka mwaka uliopita na badala yao hajapatikana mtu.

Ciakuthii alimuuliza nani mwingine alilishika daftari la Hodo kati ya kulazwa kwake na siku lilipoletwa polisi. Gitobu alizungusha chupa ya soda.

"Sajini, wewe ni mtu mzima. Nikipoteza mtu wa dirisha, wiki ijayo napata mwingine. Nikipoteza daktari, nafunga kliniki. Hao mia moja na kumi na wanane nitawapeleka wapi?"

"Sikukuuliza nani apotee. Nilikuuliza nani alishika daftari."

Hapo akasema angependa kuwa na wakili. Inspekta Ngari akamwambia ni haki yake, akabaki naye, na Ciakuthii akashika barabara ya kusini peke yake.

Siakago ilikuwa kwao Ciakuthii pia. Alizaliwa upande wa pili wa mto, na alipofika bomani kwa kina Mugendi mama wa daktari alimuuliza jina mara moja tu, akamtajia jina la nyanya ya Sajini, akamletea uji wa mawele kwenye kibuyu kabla hajajitambulisha kazi yake. Alikuwa mama anayejivunia mtoto. Alisema huyu ndiye daktari wa kwanza kutoka kata hii, amekuja kumsaidia kupiga ndengu, na tangu afike halali. Ciakuthii alikunywa ule uji wote. 

Mugendi alikuwa uani, juu ya turubai, akipiga maganda makavu kwa fimbo. Kijana wa miaka thelathini na miwili, mashavu yamebonyea. Alipoona daftari la buluu mkononi mwa mgeni alisimamisha fimbo, akamwomba mama yake awaache kidogo.

Ciakuthii hakumpa la Hodo. Alimpa la Kawira, nambari mia moja na tatu, akamwambia amsomee.

Daktari alilishika. Akaligeuza kidogo kwenye jua. "Hii ni ya presha," alisema. "Hapana, ngoja. Hii ni... Huyu alikuwa anaumwa nini?"

"Wewe ndiye uliyemtibu."

Alijaribu tena, kidole kikifuata mstari, midomo ikisogea. Kisha akalifunga na kumrudishia. Alisema hawezi. Alisema hivyo akitazama ndengu chini, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

Ciakuthii alitoa bahasha ya khaki kutoka ndani ya daftari lile. "Celina aliisoma. Dawa mbili, kipimo sawa, mama huyo alipona, yuko sokoni anauza viazi. Nina madaftari kumi na moja ya siku hiyo, na nimeyapeleka kwa mtaalamu mmoja wa dawa mjini pamoja na bahasha zilizobaki. Ilimchukua saa nzima na kioo cha kukuza, lakini amesema kila bahasha iko sawa. Hakuna hata moja alikosea. Sasa niambie, daktari. Mtu anayesoma hii, alishindwaje kusoma ya Hodo?"

Kuku walikuwa wameingia kwenye turubai na hakuna aliyewafukuza.

"Hakushindwa," Mugendi alisema.

Aliingia nyumbani akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliambiwa aichome, alisema, na mara mbili aliipeleka jikoni kwa mama yake akarudi nayo. Ciakuthii aliikunjua. Muhuri wa Jumanne, nambari tisini na saba, na chini yake mwandiko wa kutisha, herufi zimeanguka moja juu ya nyingine. Jina la dawa yeye hakuweza kulisoma kamwe. Lakini mwisho wa mstari, mahali pa kusema dawa imezwe vipi, palikuwa na alama tatu ambazo kila mtu aliyewahi kuugua Kenya hii anazijua, na zilionekana wazi kabisa.

1x1.

 Tangu Alhamisi Ciakuthii alikuwa akitafuta ukurasa usiosomeka, na huu ulisomeka.

"Nilikuwa nimeandika hivyo siku nzima," Mugendi alisema. "Moja mara moja, moja mara mbili, moja mara tatu. Watu tisini na sita. Kichwa kilisema wiki. Mkono uliandika wenyewe, na mimi nilikuwa nishaita mtu mwingine."

"Na Celina alikuja kukuuliza."

"Alikuja. Alisimama hapo mlangoni akasema, daktari, hapa umeandika... Siku hiyo alikuwa wa nne kuja. Muuguzi alikuja, wa maabara alikuja, mgonjwa mmoja alirudi akanionyesha kitabu akicheka na watu wote wakacheka. Nilijua anataka kuniambia mwandiko wangu mbaya. Maisha yangu yote watu hawaniambii kingine. Nikamwambia asome kilichoandikwa."

Alikaa juu ya gunia. Ciakuthii alimuuliza ni nani aliyetoa wazo la ukurasa mpya. Gitobu, alisema. Asubuhi baada ya kifo alimwita ofisini, akamfungia mlango, akatoa pini za daftari kwa kisu cha barua, akachomoa ule ukurasa pamoja na mwenzake wa upande wa pili, na kumwekea kalamu. Muhuri aliupiga msimamizi mwenyewe.

"Aliniambia, andika ulichokusudia. Basi. Na mimi nilikusudia wiki, Sajini, Mungu anajua. Nikajiambia sidanganyi, narekebisha tu."

"Celina analala sakafuni tangu Jumatano kwa ajili ya hayo marekebisho."

Mugendi alifunika uso kwa mikono yenye vumbi la ndengu. Ciakuthii alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimuudhi. Angependa kumkuta mtu mbaya. Alimwambia aage mama yake vizuri, asimdanganye, kisha akangoja kwenye kivuli cha ghala akisikiliza sauti mbili ndani ya nyumba, moja ya chini na moja iliyoanza kupanda.

Jumamosi asubuhi, daktari alipokuwa amekwisha kutia sahihi taarifa yake na Gitobu amekwisha kuchukuliwa nyumbani kwake, Ciakuthii alimtafuta Abdimalik kwanza. Alimweleza yote kando ya lori lake, bila kupamba. Alimwambia kwamba Celina alikwenda kuuliza, na ni yeye, Abdimalik, atakayehitajika kusema hivyo kortini. Abdimalik alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama ile robo saa ndiyo ilikuwa ya kuuliza habari za hooyo. Ciakuthii akasema ndiyo. Mtu mzima yule alipanda kwenye lori, akafunga mlango, akakaa humo bila kuwasha gari.

Kisha Sajini akaenda kumtoa Celina mwenyewe. Walikaa kwenye benchi la nje, kwa sababu dada huyo alisema kwanza anataka jua. Ciakuthii alimwonyesha nakala ya ukurasa wa kweli, akafungua kijitabu chake mahali alipoandika amesoma vibaya, akayakata maneno hayo kwa mstari na kumwomba msamaha. Hakuwa mtu wa kuomba msamaha, na hakuomba vizuri.

"Ulijua dawa hiyo ni ya wiki?" alimuuliza baadaye.

"Nilijua. Hiyo ndiyo nilienda kumwambia. Lakini wako wagonjwa wengine, wachache, wanapewa kila siku. Aliposema soma kitu kimeandikwa, nikafikiri kuna kitu yeye anajua na mimi sijui. Yeye ni daktari. Na huyo kijana alikuwa ananiambia niharakishe."

Ciakuthii alimwambia atakuwa shahidi sasa, si mshtakiwa, na kwamba baraza la dawa litamwita lakini yeye mwenyewe atakwenda kumsemea. Celina aliitikia kwa kichwa. Alikuwa bado ameishika ile nakala, akiisoma mstari kwa mstari bila shida yoyote, mwandiko wa aina ile ile iliyomshinda hata daktari mwenyewe.

"Wako wale wanaonishinda kabisa," alisema. "Mwandiko ukinishinda sitoi dawa. Narudisha kitabu, hata kama daktari atanitukana, mpaka aandike tena. Ndiyo sheria yangu, miaka saba, na hakuna mtu ananilazimisha."

Aliikunja ile nakala akamrudishia Sajini.

"Heri hii ingenishinda," alisema. "Huyo mama angekuwa sokoni saa hii."